Kuupa Mwendo Uhai: Mhadhara Kuhusu Mpira, Taa na Ndoo ya Maji



Nitaanza na duara. Sina maana ya mhusika mwenye macho na mdomo. Ni duara tupu la penseli. Chukueni daftari la shule. Kwenye kona ya ukurasa wa kwanza chora duara juu kabisa, ukurasa unaofuata lichore chini kidogo, uendelee hivyo hadi lifike ukingo wa chini. Kisha zipeperushe kurasa kwa kidole gumba. Ikiwa umelishusha kwa kipimo kilekile kila ukurasa, utaona alama inayoteremka, basi. Jicho halitaamini kwamba kuna kitu kimeanguka. Rudia kazi hiyo, lakini safari hii picha za mwanzo zibane zikaribiane, za mwisho uziachanishe sana. Penseli ni ileile na duara ni lilelile, ila sasa umeuona mpira.

Hoja yangu yote ya leo imo katika daftari hilo. Uhai wa mwendo hauletwi na uzuri wa picha moja moja. Unaletwa na nafasi tunayoiacha kati ya picha moja na inayoifuata. Norman McLaren, Mskoti aliyefanya kazi miaka mingi katika Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, aliishikilia imani hiyo maisha yake yote, na filamu zake zinaithibitisha. Ninawaomba muishikilie nanyi, kwa sababu wengi wanaojifunza fani hii hapa kwetu huanza na nywele, nguo na rangi, wakauacha mwendo uwe jambo la mwisho.

Tuupime basi mpira wetu. Sinema huonyesha fremu 24 kwa sekunde. Mchoraji kwa kawaida huiacha kila picha ikae fremu mbili, kwa hiyo sekunde moja hula picha 12. Mpira ukiangushwa kutoka sentimeta 122 hivi, kimo cha mtoto wa darasa la kwanza au la pili, hufika chini kwa nusu sekunde, yaani picha sita. Galileo alikwisha kuonyesha katika karne ya 17 kwamba kitu kinachoanguka, ukikipima kwa vipindi vya muda vilivyo sawa, hupita umbali unaokua kwa hesabu ya 1, 3, 5, 7, 9, 11. Kwa mpira wetu, hatua ya kwanza ni sentimeta tatu na nusu hivi, ya pili 10, ya tatu 17, na ya sita inazidi 37. Tazameni tofauti hiyo: hatua ya mwisho ni mara 11 ya hatua ya kwanza. Mchoraji anayegawa kwa usawa amefuta mvuto wa dunia, na mtazamaji, hata kama hajawahi kusikia jina la Galileo, anajua kwamba kuna kitu hakipo.

Kisha mpira unadunda, na hapo ndipo tunapoambiwa umetengenezwa kwa nini. Sheria za tenisi zinataka mpira wa kawaida wa mashindano, ukiangushwa kutoka sentimeta 254, urudi juu kati ya sentimeta 135 na 147, yaani zaidi kidogo ya nusu. Mpira wa makaratasi na matambara, uliofungwa kwa kamba, ule wa chandimu, huinuka kidogo sana kisha hutulia. Tufe la chuma halijali kabisa. Linagonga udongo na kubaki hapo. Mnaweza kuchora vitu vyote vitatu kwa duara moja la ukubwa mmoja, bila kivuli wala rangi, na mtoto wa miaka minne atawaambia lipi ni zito na lipi ni jepesi. Uzito katika katuni hauchorwi kwa wino mnene. Unahesabiwa kwa fremu.

Baada ya hapo huja kubonyea na kurefuka, kanuni ambayo wanafunzi huipenda haraka na kuitumia ovyo. Mpira unapogonga ardhi hubonyea. Unapokimbia hurefuka kuelekea unakokwenda. Masharti ni mawili. Kwanza, ujazo usibadilike: ukiutanua kwa robo, ufupishe hadi asilimia 80 ya kimo chake, la sivyo utaonekana umevimba au umetobolewa. Pili, kubonyea kuwe pale tu mpira unapogusa ardhi, fremu moja au mbili, na kurefuka kuwe kwenye fremu za kasi. Juu kabisa ya mruko, pale mpira unapoelea kidogo kabla ya kushuka, ni duara kamili. Nimeona mipira mingi iliyorefushwa ikiwa juu angani, ikafanana na yai lililotundikwa. Na kurefuka kuna sababu nyingine ya kiufundi. Mpira ukienda kasi, picha mbili zinazofuatana huachana kabisa, na jicho huona mipira miwili badala ya mmoja unaosafiri. Umbo lililorefushwa huziba pengo hilo. Katika filamu ya kamera kazi hiyo hufanywa na ukungu wa picha wenyewe. Mchoraji hana budi kuifanya kwa mkono.

Maarifa haya hayakuanguka kutoka mbinguni. Winsor McCay alipomwonyesha dinosaria wake Gertie mwaka 1914, watu waliona mnyama anayepumua, mwenye uzito, mwenye hasira ya kitoto. Lakini wengi waliofuata miaka ya 1920 walichora viungo vinavyopinda popote kama mpira wa baiskeli, visivyo na mifupa wala uzito. Katika studio ya Walt Disney kule California, kuanzia mwaka 1932, mwalimu wa uchoraji aitwaye Don Graham, kutoka shule ya sanaa ya Chouinard, alianza kuwafundisha wachoraji jioni. Waliwachora watu halisi na wanyama, wakazitazama filamu za mwendo fremu kwa fremu, wakabishana. Miaka mitano baadaye, Desemba 1937, filamu ya Snow White ilionyeshwa kwa mara ya kwanza. Wawili kati ya wachoraji wa kizazi hicho, Frank Thomas na Ollie Johnston, waliyakusanya waliyojifunza katika kitabu kilichotoka mwaka 1981, wakayapanga katika kanuni 12. Ni kanuni hizo zinazofundishwa leo karibu kila mahali, na mara nyingi hufundishwa vibaya, kama orodha ya kukariri kabla ya mtihani. Waliozigundua walikuwa wametazama kwanza. Majina yalikuja baadaye.

Sitazipitia zote 12. Nyingine ni za ustadi wa mkono na jukwaa: kupanga tukio ili jicho lisipotee, kuchora umbo lenye pande zote, kuamua kama utachora moja kwa moja tangu mwanzo hadi mwisho au utaweka mikao mikuu kwanza na kujaza katikati. Zina umuhimu wake, na walimu wenu watawaeleza. Mimi nataka kukaa na zile zinazokifanya kitu kionekane kina nia.

Mwaka 1944 wanasaikolojia wawili, Fritz Heider na Marianne Simmel, walichapisha jaribio la ajabu. Walitengeneza filamu fupi yenye pembetatu kubwa, pembetatu ndogo na duara, zikizunguka karibu na mstatili wenye mlango. Hakuna uso, hakuna sauti. Wakawaomba watu 34 waeleze walichokiona. Mmoja tu ndiye aliyezungumza juu ya maumbo yanayosogea. Wengine wote walisimulia kisa: huyu mkubwa ni mwonevu, yule mdogo anajitetea, duara anaogopa na kujificha. Mtu akiniuliza kwa nini mchoraji asiye na fedha ya kuajiri wasanii 50 asikate tamaa, humweleza jaribio hili. Maumbo matatu hayagharimu kitu. Kilichowafanya watazamaji waone woga ni jinsi duara lilivyosita, likarudi nyuma, kisha likakimbia.

Kusita huko kabla ya kutenda kuna mahali pake katika kanuni: ni kujiandaa. Kila mwendo mkubwa hutanguliwa na mwendo mdogo wa upande wa pili. Mama anayetwanga huinua mchi kabla ya kuushusha. Mvuvi anayetupa kimia huzungusha kiwiliwili nyuma kabla ya kukiachia. Paka hujikunyata, hutikisa makalio, ndipo akaruka. Mwili unahitaji kujiandaa ili upate nguvu, lakini mtazamaji anayahitaji zaidi maandalizi hayo: humwambia kwamba jambo linakuja na liko upande gani, ili lisimpite. Bila hayo, mruko wa fremu nne utapita kabla jicho halijafika. Na kwa kuwa maandalizi hutangulia tendo, yanaonyesha pia kwamba aliyetenda aliwaza kwanza. Hapo ndipo kitu kinapopata akili.

Mfano bora ninaoufahamu ni filamu ya dakika mbili hivi iitwayo Luxo Jr., ya mwaka 1986, iliyoongozwa na John Lasseter wa Pixar, kampuni iliyokuwa imeanzishwa miezi michache tu kabla. Wahusika ni taa mbili za mezani, kubwa na ndogo, na mpira. Hazina macho, hazisemi, na kamera haisogei hata mara moja. Lasseter alikuwa amefunzwa uchoraji wa zamani, akaingia katika chumba cha wahandisi wa kompyuta, na mwaka uliofuata akaandika makala kuwaeleza wahandisi hao jinsi kanuni za penseli zinavyofanya kazi ndani ya mashine. Taa ni chuma, huwezi kuibonyeza. Alichofanya ni kuikunja kwenye viungo vyake inapojiandaa kuruka na inapotua, na kuikunjua inapopaa. Kubonyea na kurefuka kukabaki, ila kumehamia kwenye goti la taa.

Tazameni pia jinsi taa ndogo ilivyofanywa mtoto. Hakuichukua taa kubwa na kuipunguza tu. Mikono aliifupisha, kofia ikawa ndogo, lakini balbu ikabaki na ukubwa uleule, kwa sababu balbu hununuliwa dukani na haikui pamoja na taa. Kisha akazigawia taa hizo miondoko tofauti: kubwa husogea polepole, hugeuza kichwa kwa kipimo, ndogo hurukaruka, haitulii. Taa ndogo inaruka juu ya mpira hadi mpira unaisha pumzi, na inapoinamisha kichwa mbele ya mkubwa wake, mzazi yeyote anajua alichokiona. Lasseter amesimulia kwamba baada ya onyesho la kwanza mbele ya wataalamu, Jim Blinn, mmoja wa magwiji wa michoro ya kompyuta, alimfuata. Lasseter akadhani ataulizwa juu ya hesabu za vivuli. Blinn akauliza kama ile taa kubwa ni baba au mama. Swali hilo linanigusa kila nikilikumbuka, kwa sababu lilitoka kwa mtu aliyeijua kila hesabu iliyokuwa ndani ya picha ile, na bado aliona familia.

Sasa nije kwenye kompyuta tunazotumia sisi, na simu pia, kwa sababu vijana wengi humu ndani wanatengeneza katuni kwenye simu. Ukiiambia programu kwamba kitu kiko hapa kwenye fremu ya 1 na kule kwenye fremu ya 24, itakujazia katikati bila kuuliza. Baadhi ya programu hugawa njia sawasawa, kama lile daftari letu la kwanza. Nyingine huweka ulaini, yaani kasi ndogo, mwanzoni na mwishoni kwa kila kitu. Huo wa pili unadanganya zaidi, maana unaonekana wa kitaalamu. Ukiupaka kwenye mpira unaoanguka, mpira utapunguza kasi unapokaribia ardhi, na mtazamaji ataona mpira unaoogopa kuumia. Ikiwa ndiyo hadithi yako, sawa. Ikiwa siyo, fungua grafu ya mwendo, shika ule mstari, ukate kona kali pale mpira unapogusa chini, na uuache upinde mpana kule juu. Mashine ina haki ya kupendekeza. Uamuzi ni wako.

Kanuni hizo hizo ziko kwenye vioo vya simu zenu. Google ilipotoa mwongozo wake wa usanifu wa Material Design mwaka 2014, suala la mwendo lilipewa sehemu yake: kitu kinachoingia kwenye kioo kije na kasi kisha kitulie polepole. Mwendo wote unachukua chini ya nusu sekunde. Mtumiaji hautambui, lakini ukiuondoa atasema programu ni nzito, ingawa kasi yake haijabadilika.

Kuhusu kanuni ya kutia chumvi, neno moja. Wengi hudhani ni kukuza kila kitu: macho makubwa, mikono mirefu, kelele. Chumvi huwekwa mahali pamoja, pale penye ladha ya tukio. Kama mzee amekasirika kimyakimya, kuza ukimya wake: mwache asisogee kwa fremu 30 huku wengine wakihangaika. Thomas na Johnston walitoa mfano wa kichwa kinachogeuka kutoka bega moja hadi jingine, kikiwa na mikao mikuu miwili tu. Bila picha ya katikati, mtu amepigwa kwa nguvu ya kutisha. Ongeza picha chache, anatoa amri kali. Ongeza hadi 10, ananyoosha shingo iliyochoka. Mchoro haukubadilika, idadi ya picha za katikati ndiyo iliyobadili maana yote.

Nimefika kwenye jambo ninalotaka muondoke nalo, hasa ninyi mnaochora kwa ajili ya watoto wa Afrika Mashariki. Tumekwisha kuwa na kazi za kujivunia. Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, ilichukua sura ya michoro iliyoanzishwa na Edward Saidi Tingatinga pale Dar es Salaam, ikaifanya itembee na kueleza kwa nini tembo ana mkonga mrefu. Ubongo Kids, kutoka Tanzania, imekuwa ikifundisha hisabati kwa katuni tangu 2014. Sura za wahusika ni zetu na sauti ni zetu. Naomba sasa na mwendo uwe wetu.

Vitabu vya fani hii, kikiwamo kile mashuhuri cha Richard Williams cha mwaka 2001, vinafundisha kutembea kwa hatua za fremu 12 kila moja, kichwa kikipanda mguu unapopita chini ya mwili na kushuka hatua inapofunguka. Ni kweli kwa mtu anayetembea mikono mitupu barabarani. Lakini nendeni kisimani mkamtazame mama mwenye ndoo ya lita 20 kichwani. Kilo 20 za maji zinazotaka kumwagika. Kichwa chake hakipandi na kushuka hivyo. Kinakwenda karibu katika mstari mmoja. Magoti hayanyooki sawasawa, hatua ni fupi, na nyonga hulibeba lile wimbi lote ambalo kichwa kimekataa kulibeba. Macho hutazama mbele. Akitaka kukuona, hugeuza mwili mzima. Mkono mmoja ukiinuka kushika ndoo, bega la upande huo hupanda na ubavu hunyooka. Kanga hufuata nyuma: nyonga zikisimama, pindo bado linakwenda, linapita, linarudi, ndipo linatulia. Huko kuchelewa kwa pindo ni kanuni kamili ya mwendo wa kufuatia, na hakuna kitabu kilichochapwa California kitakachomchorea mama huyo.

Mkichukua mzunguko wa kutembea uliotengenezwa tayari na kumwekea ndoo kichwani, maji yatakuwa hayana uzito, na mtoto wa Singida anayeyateka kila asubuhi atagundua kabla yenu. Kanuni bado ni zilezile: uzito, tao la mwendo, kuanza na kumalizia, sehemu zinazochelewa. Kinachobadilika ni nani umemtazama.

Kwa walio tayari kuanza, chukueni zoezi la kale la studio ya Disney: gunia la unga lililojaa nusu. Halina kichwa wala miguu, lina pembe nne tu. Mlichore likiwa limechoka, limefurahi, linanyemelea, limefiwa. Unga usiongezeke wala usipungue. Kisha mlifanye lijaribu kunyanyua gunia jenzake lililojaa pomoni, na kabla ya kuchora chochote mwende sokoni mkawatazame wapagazi, mkihesabu mangapi mwili unayafanya kabla gunia halijaondoka ardhini: miguu inavyotanuka, mgongo unavyojipanga, pumzi inavyovutwa, jaribio la kwanza linaloshindikana. Mnyanyuo wenyewe hauzidi sekunde moja. Maandalizi yapeni mbili, na mtu wa nyuma kabisa ukumbini atajua gunia lina kilo ngapi.